Mashine ya bomboni (peremende) Lubumbashi: shikle (chingamu) zinaisha, karanga zimelala. Kosa ni bei au ni bidhaa?

#1 MwanaKampemba
Jambo yenu wote. Niko na mashine tatu za bomboni, zile za mkono zenye kioo juu, kila moja vichwa viwili, yaani vyombo viwili vya kutia bidhaa. Hazili umeme wala betri: unatumbukiza, unazungusha mkono, gurudumu la ndani linazunguka na matundu yake, kilichoingia tunduni kinaangukia kwenye kilango. Zilikuja ndani ya kontena kutoka Ulaya, kinywa chake kimepimwa kwa sarafu ya senti 50 ya Euro. Kwa kuwa sisi sarafu hatuna, nilichongesha jetoni, vipande vya chuma mfano wa sarafu, kwa fundi. Mwenye duka anaziuza, jetoni moja 500 franga, na ninamwachia mia katika kila mia tano.

Moja iko kwenye saluni ya kusuka Bel-Air, ya pili kwenye duka mbele ya masomo (shule) Katuba, ya tatu kwenye famasi karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Kote, kichwa cha kushoto nimeweka shikle za duara, kubwa, za milimita 25 hivi, inatoka moja moja. Cha kulia karanga zenye ganda la sukari nyekundu.

Wiki sita sasa. Shikle za Katuba nimejaza mara tatu. Karanga hazijafika nusu popote. Jana nilifungua kichwa cha karanga Katuba: zimetoa mafuta, zimeshikana, nikakwangua gurudumu kwa kijiko mpaka ganda jekundu likanijaa kwenye kucha. Kilo mbili na nusu nimetupa.

Hesabu yangu: karton ya shikle 850 inanifikia kwa dola 42 pamoja na usafiri. Dola ilikuwa 2800 siku niliyonunua, kwa hiyo shikle moja ni kama 138 franga. Karanga kilo dola 4, tundu linatoa gramu 20, kwa hiyo fungu moja ni 224.

Kila siku naona watoto wa Katuba wamesimama na noti ya 200 mkononi, wanagusa kioo, wanaondoka. Hilo linaniuma kuliko karanga zilizooza. Nishushe jetoni iwe 200? Au nibadili bidhaa bei ibaki?

#2 Kariakoo_Kwetu
Uzi mzuri, ndugu. Ila mbona unajitesa na jetoni? Rekebisha kinywa kipokee sarafu yenu. Sisi Tanzania tuna sarafu za 50, 100, 200 na 500, mteja anatoa mfukoni anatumbukiza, hana haja ya kumtafuta mwenye duka.

#3 Bwana_Ruashi
Kariakoo, soma tena #1. Kongo tunatembea na karatasi. Franga zetu ni noti, ya 50, ya 100, ya 200, ya 500 na kuendelea, na hizo ndogo ukizipata zimelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Hakuna sarafu ya kutumbukiza. Jetoni ndiyo njia.

Na ona mtego mwingine: kutoka noti ya 200 unaruka hadi 500, katikati hakuna noti. Mwenye mashine huku hapangi bei anayotaka, anapanga bei ya noti iliyopo.

#4 Mama_wa_Glasi
Jambo baba wa mashini. Mie njo nauzisha karanga mbele ya masomo ya Katuba, pengine tunaonana kila siku bila kujuana. Ngoja nikwambie kitu.

Mutoto eko na 200. Anakuja kuuza karanga kwangu. Namupimia mu kiglasi, nakijaza mpaka kinafanya kilima, namumwangia mu kikaratasi, kisha naongeza kiloko na mukono. Ile ya mukono njo inamurudisha kesho. Mashini yako iko na mukono, lakini mukono wake ni wa kuzungusha tu, hauongezi. 500 yako inatoa karanga kiloko kupita 200 yangu. Mutoto anajua hesabu, baba. Usimudharau.

#5 Goma_Birere
Mama, heshima kwako, lakini nimesoma mara mbili. Mtoto "anakuja kuuza karanga" kwako? Huyo naye ni mfanyabiashara?

#6 Bwana_Ruashi
Goma_Birere, karibu Lubumbashi. Huku kuuza ni kununua, kuuzisha ndiyo kuuza, na kiloko ni kidogo. Mama amesema sawasawa. MwanaKampemba ameandika Kiswahili cha vitabu, ndiyo maana ulimwelewa yeye.

#7 Goma_Birere
Aksanti. Basi siku nikija nitauliza kwanza kabla ya kutoa feza.

#8 FundiVichwa
Nimetengeneza mashine za namna hii kwa miaka kadhaa, za shikle na za vidude vya kuchezea. Nianze na gurudumu, kwa sababu watu wanajadili bei na hawajaangalia chuma.

Gurudumu la shikle lina matundu ya duara, moja kwa kila shikle. Linatoa moja, kesho moja, daima moja. Gurudumu la karanga ni lingine: matundu yake ni mapana, mengine yana kipande cha kusogeza ili kupunguza au kuongeza, na juu yake kuna brashi inayofagia za ziada zisipite. Brashi ikichakaa, fungu linakuwa kubwa. Karanga zikishikana, fungu linakuwa dogo, au tupu kabisa. Kwa hiyo hizo gramu 20 unazoandika ni wastani. Mteja wa kwanza anapata 26, wa pili 13. Umewahi kupima mafungu kumi mfululizo? Pima, uandike hapa.

Pia karanga za chumvi usiziweke kamwe. Chumvi inavuta unyevu wa mvua, gurudumu linashika kutu kabla ya mwezi wa pili kufika.

#9 MwanaKampemba
Fundi, nimepima usiku huu mezani kwa mizani ya jikoni, kichwa cha Bel-Air. Mafungu kumi: 22, 19, 24, 11, 20, 21, 9, 25, 18, 23. Sikutegemea ile 9. Ni karanga tano tu. Mtoto alipe 500 apate karanga tano! Sasa naelewa kwa nini mwenye saluni aliniambia wateja wamesema mashine "inakula".

#10 Mwalimu_wa_Tatu
Hapo hapo kwenye #9. Nafundisha mwaka wa tatu wa primaire, watoto wa miaka minane na tisa. Wanahesabu kila kitu. Wakinunua bomboni wawili wawili, wanazimwaga juu ya benchi wanagawana. Jozi ikipata tisa, kuna ugomvi wa ile moja. Rafiki akizungusha akapata kumi na mbili na mwingine saba kwa jetoni ileile, yule wa saba anaona ameibiwa, na ana haki.

Shikle ni moja. Hakuna wa kuhesabu, hakuna wa kulalamika. Kwa maoni yangu karanga hazikushindwa na bei, zimeshindwa na kutokuwa sawa. Hata ukishusha mpaka 200, ugomvi uko palepale.

#11 Kasumbalesa_Njiani
Mwalimu anasema kweli kwa watoto, lakini Bel-Air ni saluni, hakuna mtoto wa benchi pale. Karanga mbona zimelala hata huko?

Mimi navusha bidhaa mpakani kila wiki. Tatizo ninaloliona ni dola. Umenunua kwa dola 42, unauza kwa franga. Franga ikishuka, karton inayofuata ni ghali na jetoni yako bado 500. Faida ya jetoni ni kwamba huhitaji kugusa mashine: unabadilisha bei dukani tu, chuma kinabaki vilevile. Huko Ulaya bei ikipanda, mwenye mashine analazimika kubadili kinywa chote.

Kuhusu ile nyongeza ya mama wa #4, ng'ambo Zambia wanaiita mbasela. Ukiuza bila mbasela sokoni, wateja wanahamia meza ya jirani.

#12 Mama_Saluni_BelAir
Nina saluni (si ile yenye mashine ya ndugu, yangu iko barabara nyingine), naweza kujibu Kasumbalesa. Mteja wa kusuka anakaa saa tatu, saa nne. Njaa anayo. Lakini ananyunyiziwa mafuta, nywele za bandia zinaruka, vipande vinatua kwenye mapaja, kwenye viganja. Ukimpa kitu cha kushika kwa vidole kimoja kimoja anakula nywele. Wateja wangu wanatuma mtoto alete keki ndani ya mfuko au soda yenye mrija. Shikle wanaipenda kwa sababu inaingia mara moja kinywani, mkono umemaliza kazi.

Weka kitu chenye karatasi, kinachoshikwa kwa karatasi yake.

#13 Infirmiere_Kenya
Mimi ni muuguzi, niongeze la afya, kwa sababu naona wote tunazungumza feza.

Moja, mikono. Mji huu tunajua kipindupindu. Mtoto anasukuma kilango kwa vidole vilivyoshika mpira, ardhi, noti, na vidole hivyohivyo vinachukua karanga tupu. Mwenzake wa nyuma anasukuma kilango kilekile. Osha kilango na kikombe cha kutokea kwa maji yenye klori kila unapojaza, ukaushe kabisa. Kama unaweza, weka bomboni ndani ya vidonge vya plastiki vya kufunguka, vile vinavyowekwa vidude. Gurudumu la vidonge lipo.

Mbili, na hili nawaomba mlisome polepole. Shikle ya duara ya milimita 25, ngumu, laini, ni kizibo kamili cha koo la mtoto mdogo. Walio chini ya miaka minne wasiguse, na karanga nzima vilevile. Mashine yako ya famasi inasimama mahali mama wanasubiri dawa na watoto wa miaka miwili mgongoni. Kijana wa miaka saba anamnunulia mdogo wake kwa upendo. Iandike kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi kubwa, kwenye kioo, au uiondoe shikle famasini.

#14 MwanaKampemba
Mama infirmiere, aksanti. Sikuwa nimeliwaza la famasi. Kesho asubuhi naitoa shikle pale, sitangoji wiki iishe.

#15 Etudiant_Kasapa
Wakubwa, naomba kuingiza historia kidogo. Mashine za kuuza shikle zilianza Marekani, mwaka 1888, kampuni ya Thomas Adams iliziweka kwenye vituo vya treni za juu New York, shikle yenyewe iliitwa Tutti-Frutti. Kwa hiyo toka mwanzo bidhaa ya mashine ilikuwa shikle. Labda kuna sababu: haiozi upesi, haitoi mafuta, haiyeyuki kirahisi. Ndiyo uvumbuzi wa kwanza wa mashine inayopokea sarafu.

#16 Bwana_Ruashi
Mdogo wangu, 1888 ni sawa kwa shikle. "Wa kwanza wa kupokea sarafu" si sawa. Herone wa Aleksandria, Misri, karne ya kwanza, alieleza chombo cha hekaluni: unatumbukiza sarafu, uzito wake unainamisha kijiti, maji matakatifu yanatoka kidogo, sarafu inateleza, maji yanafunga. Bidhaa ilikuwa maji, na alichotaka kuzuia ni mtu kuchukua zaidi ya alicholipia.

#17 Mzee_Kamalondo
Wanangu, mnasema hatuna sarafu kama kwamba hatukuwahi kuwa nazo. Mwaka 1961 Katanga yetu, ilipokuwa imejitenga na Kongo, ilitoa sarafu zake, ya franga 1 na ya franga 5. Upande mmoja kichane cha ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Na ule msalaba wenyewe, kabla mzungu hajafika, ulikuwa feza: shaba ya ardhi yetu, imemiminwa katika umbo la msalaba, watu walinunua na kulipa mahari kwayo. Baba yangu alikuwa na ile ya franga 5 ndani ya kikopo cha vifungo. Tulikuwa tunaipitisha mkononi, imekuwa laini kabisa upande wa ndizi.

Mwana, jetoni zako umechongesha kwa chuma gani? Mji wa shaba huu. Weka shaba, na weka msalaba. Mtoto ataithamini.

#18 MwanaKampemba
Mzee, shikamoo. Ni za chuma cha kawaida, na hapo ndipo nilipopata hasara nyingine ambayo niliona aibu kuiandika kwenye #1. Wiki ya tatu, Katuba, nilifungua sanduku la jetoni nikakuta kumi na saba si zangu. Ni rondele za bulone (washa za bolti), zenye tundu katikati. Jirani kuna garaji. Shikle kumi na saba zimeenda kwa rondele.

#19 FundiVichwa
Rondele ya bulone ya 12. Upana milimita 24, unene 2.5. Senti 50 ya Euro ni upana 24.25, unene 2.38. Karibu mapacha. Mtu yeyote mwenye garaji ana mfuko mzima.

Dawa ni mbili. Kaza ile sehemu ya unene, 2.5 isipite. Au weka pini ndogo ya chemchemi pale katikati: ikikuta tundu inazama na kufunga, ikikuta jetoni nzima inapita. Mashine nyingine zinakuja nayo, angalia kama ilivunjika safarini.

#20 Kasumbalesa_Njiani
Fundi, nimesikia pia senti 25 ya Marekani inaingia kwenye mashine ya senti 50 ya Euro. Kweli?

#21 FundiVichwa
Upana ni uleule karibu kabisa, 24.26. Unene hapana: ya Marekani ni 1.75, nyembamba. Kwenye kinywa kilicholegea inaingia, kwenye kizuri inakataliwa. Lakini nani Katuba anatembea na senti 25 za Marekani? Rondele ndiyo adui yako.

#22 Papa_Chokola
Jamani, rudini kwenye bidhaa. Kwa nini hakuna anayesema chokoleti? Zile ndogo za rangi zenye ganda, M&M's na jamaa zake. Zilitengenezwa mwaka 1941 makusudi zisiyeyuke mkononi. Zinapendwa na wakubwa na wadogo. Kichwa cha kulia weka hizo, 500 italipwa bila kelele.

#23 FundiVichwa
Papa, ganda la sukari linazuia mkono usichafuke. Halizuii joto. Siagi ya kakao inalainika kwenye digrii 34 hivi, na mwezi wa kumi Lubumbashi, ndani ya kioo, chini ya bati, karibu na dirisha, unafika hapo bila shida. Chokoleti inavimba, ganda linapasuka, brashi inapaka tope la kahawia kwenye matundu yote. Nimeosha gurudumu la namna hiyo kwa maji ya moto mara tatu na bado linanuka. Mwezi wa sita na wa saba, baridi, weka ukitaka. Sasa hivi, hapana. Weka bomboni ngumu za sukari, zile za umbo la matunda, au za rangi za kutafuna zenye ganda ambazo hazina kakao ndani.

#24 Papa_Chokola
Nimekubali mwezi wa kumi. Sikubali kwamba bei si tatizo. Kila mtu hapa anakimbia swali la bei.

#25 Bwana_Ruashi
Basi tulijibu. Shikle inagharimu 138, mwenye duka anachukua moja ya tano.

Jetoni ikiwa 500: unatoa 138, unatoa 100, unabaki na 262. Ikiwa 200: unatoa 138, unatoa 40, unabaki na 22. Rondele moja tu inakula faida ya shikle sita. Kwa 200 huwezi, MwanaKampemba, hata moyo ukitaka.

Lakini kuna njia ya katikati ambayo noti zinaruhusu: jetoni mbili kwa 500. Kila moja 250, unabaki na 62. Au tatu kwa 1000: unabaki na 128 kila moja, karibu nusu ya faida ya sasa, lakini kama zitatoka mara mbili zaidi umerudi palepale. Watoto wawili wenye 200 na 300 wanaungana, wanapata jetoni mbili. Watapanga wenyewe.

#26 Mwalimu_wa_Tatu
Watapanga, naam. Nimewaona wakichanga watatu kwa daftari.

#27 Papa_Chokola
Hesabu ya #25 ni safi, lakini umesahau zinazopotea: zinazovunjika njiani, zinazofifia rangi, unazoonja. Weka 150 badala ya 138. Na mimi nasema shikle yenyewe ndiyo ghali mno kwa soko hili. Tafuta ndogo, ya milimita 16, karton moja inakuwa na nyingi zaidi kwa uzito uleule, uuze 200 kwa moja. Bidhaa ifuate noti ya mtoto, isiwe noti ifuate bidhaa.

#28 FundiVichwa
Milimita 16 inataka gurudumu lake. Kwenye tundu la 25 zitatoka mbili, tatu. Gurudumu si ghali, kulipata ndiyo kazi.

#29 Duka_Kamalondo
Nimesoma yote kimya. Mimi ni mwenye duka, niseme upande wetu. Shida yangu kubwa kila siku ni chenji. Mteja analipa, namdai 100 au 200, sina noti ndogo. Tunampa bomboni mbili badala ya chenji, wote mnajua. MwanaKampemba akiniletea jetoni za 200, nitazitoa kama chenji siku nzima, zitakwisha kabla ya saa sita.

#30 Infirmiere_Kenya
Duka, mteja akikubali, sawa. Asipokubali, usimlazimishe. Mama anayetaka 200 yake ya kuongezea nauli ya basi hawezi kupanda basi kwa jetoni. Nimeshapewa bomboni badala ya chenji nikiwa na haraka ya zamu ya usiku. Nilikasirika.

#31 Duka_Kamalondo
Uko sawa, dada. Nitauliza kwanza. Kwangu wengi watakubali, wana watoto nyumbani.

#32 Goma_Birere
Swali moja: mashine ya Katuba inamaliza shikle mara tatu kwa wiki sita. Kwa bei hiyohiyo ya 500 ambayo mnasema ni kubwa. Sasa nani ananunua? Kama watoto wa 200 wanaondoka, kuna watu wengine wanaolipa. Mmewaangalia?

#33 MwanaKampemba
Nimekaa leo Katuba toka saa nane mpaka saa kumi na moja, kwenye kiti cha plastiki cha mwenye duka, na daftari. Jetoni 23 zimeuzwa. Watoto wenye sare: 9, wengi wao wamechanga. Vijana wa garaji: 6, kwa jetoni za kweli safari hii. Waliobaki 8 ni wakubwa, wanawake na wanaume, wananunua wanatia mfukoni. Nilimuuliza mmoja, akasema anampelekea mtoto nyumbani "ile kubwa, ya rangi, ambayo dukani haipo." Dukani shikle za karatasi zipo, za 100. Yeye anataka ile anayoiona kwenye kioo.

Kwa hiyo sijui tena. Labda sikuwa nauza shikle, nauza kile kioo chenye rangi. Karanga nyekundu zote ni rangi moja.

#34 Papa_Chokola
Rangi! Hapo sasa. Changanya rangi kwenye kichwa cha kulia utaona.

#35 Mwalimu_wa_Tatu
Rangi ndiyo, lakini vijana wa garaji hawanunui kwa rangi. Wananunua kwa sababu inatoka moja na ni kubwa.

#36 Mama_wa_Glasi
Baba, njo wewe ulikaa na kitabu pa kiti cha bleu? Nilikuona. Ulikuwa unaandika sana nikafikiri ni mutu wa kulipisha kodi. Kuja kesho na ile mizani yako, tupime kiglasi changu, bantu baache kubishana.

#37 MwanaKampemba
Tumepima. Mama alikuwa amevaa kitenge cha njano, mizani tumeiweka juu ya sinia yake ya karanga, watoto wametuzunguka kama tunachinja mbuzi. Kiglasi na kilima chake: gramu 28. Nyongeza ya mkono, mara tano: 5, 4, 6, 5, 5. Mkono wa mama ni sawasawa kuliko gurudumu langu. Jumla gramu 33 kwa 200 franga, za moto, zimekaangwa asubuhi ileile. Mimi gramu 20 kwa 500, za wiki sita.

Nimeondoa karanga vichwa vyote vitatu. Katuba kulia naweka bomboni ngumu za matunda za rangi tano, Bel-Air nitajaribu vidonge vyenye bomboni za karatasi ndani, famasi kichwa cha shikle kimefungwa na karatasi. Jetoni mbili kwa 500 kuanzia Jumatatu, Katuba tu, ili nione tofauti. Rondele: fundi anakuja Jumamosi na pini.

#38 Kasumbalesa_Njiani
Unabadilisha bei na bidhaa siku moja. Zikiuzwa, utajua ni kipi kimeziuza?

#39 Bwana_Ruashi
Shikle atabadilisha bei tu, bidhaa ileile. Kulia atabadilisha vyote. Aangalie kushoto kwanza.

#40 Papa_Chokola
Na mwezi wa kumi na moja mvua inaanza, watoto hawasimami nje. Hata kushoto kutakuwa na maneno.

#41 Mama_wa_Glasi
Mwenye duka anafunga saa kumi na moja, batoto ba masomo ya jioni banakuta hakuna jetoni. Mie nakaa mpaka giza. Uniachie jetoni makumi mbili, uniachie ile sehemu yake ya saa za jioni. Lakini karanga zisirudi mu mashini.

#42 MwanaKampemba
Mama, hazirudi. Jumatatu saa kumi nakuletea ishirini, na kikopo cha kuzitunzia.